Inchi Ngapi? Vidokezo vya Kuchagua Tairi la Gari la Mashindano ya Porini

Mei ikielekea ukingoni, gereji nyingi nchini Kenya huwa na magari yaliyonyanyuliwa juu ya stendi, mafundi wamelala chini yake na taa mkononi hadi usiku. Ni maandalizi ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 na ambayo hufanyika karibu na Sikukuu ya Madaraka. Kanuni yake ni rahisi kueleza: una saa 10 za kufikia vituo 13 vilivyotawanywa porini, na mshindi ni aliyefika vituo vingi zaidi kwa umbali mfupi zaidi. Mahali penyewe hufichwa hadi siku zinapokaribia. Fedha ambazo timu hukusanya huenda kwa Rhino Ark, shirika lililojenga ua wa umeme wa karibu kilomita 400 kuzunguka msitu wa Aberdare, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Kwangu mimi hakuna mashindano ya magari yenye maana kuliko haya.

Swali linaloulizwa kuliko yote gerejini ni hili: niweke tairi la inchi ngapi? Jibu langu ni tairi kubwa kuliko yote ambalo gari zima, kuanzia injini hadi nati za gurudumu, linaweza kulibeba toka asubuhi mpaka jioni bila kuvunja kitu. Kulipata hilo tairi kunahitaji tepu ya kupimia, kalamu na subira. Vidokezo hivi vimeandikwa nikimfikiria mtu anayeandaa gari lake la kwanza, lakini hata mkongwe ataona mawili matatu ya kubishania.

1. Ardhi kwanza, duka baadaye

Hujui mashindano yatafanyikia kilima gani, lakini aina ya ardhi unaijua: mawe ya volkano yenye ncha kali, makorongo makavu yenye mchanga chini, miba ya migunga, na visiki vilivyojificha kwenye nyasi. Gari huenda polepole, pengine mwendo wa mtu anayetembea, likitanguliwa na wakimbiaji wa timu wanaotafuta njia. Ardhi ya namna hiyo hudai tairi refu, lenye ubavu mgumu na linaloweza kupunguzwa upepo.

Tazama jinsi mashindano mengine yalivyojibu swali hilohilo. Pale Naivasha, kwenye Safari Rally, magari ya daraja la juu ya ubingwa wa dunia huvaa tairi la saizi 205/65 kwa rimu ya inchi 15, ambalo kimo chake hakifiki hata inchi 26. Gari ni jepesi, linakwenda kasi, na dereva anataka tairi linalotii usukani papo hapo. Kwenye Baja 1000 ya Mexico, iliyoanza mwaka 1967, malori makubwa ya mbio huvaa matairi ya karibu inchi 40, kwa sababu yanavuka mashimo ya jangwani kwa kasi ya kutisha. King of the Hammers ya California, ambayo ilianza mwaka 2007 na ni maarufu kwa mawe yake, nayo imefika kwenye inchi 40, kwa sababu tofauti kabisa: kupanda majabali. Mtu akikwambia inchi 35 ndiyo saizi bora, muulize kwanza bora kwa ardhi ipi na kwa mwendo gani.

2. Soma kanuni za daraja lako

Mashindano mengi hutenga magari ambayo hayajabadilishwa na yale yaliyofanyiwa marekebisho, na tairi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukaguliwa. Chukua kanuni za mwaka huu. Zile za miaka mitatu iliyopita ulizotumiwa na rafiki hazikufai.

3. Jifunze kusoma ubavu wa tairi

Maandishi ya ubavuni yanaonekana ya kutatanisha mpaka siku utakapokaa chini na kalamu. Chukua 265/75R16, saizi inayopatikana karibu kila duka kubwa la matairi Afrika Mashariki. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 75 ni asilimia: ubavu una kimo cha asilimia 75 ya upana, yaani karibu milimita 199. Herufi R ni radia, na 16 ni inchi za rimu. Ubavu uko juu na chini ya rimu, kwa hiyo zidisha kwa mbili upate milimita 397.5, kisha ongeza rimu, inchi 16 mara 25.4, ambayo ni milimita 406.4. Jumla ni milimita 804. Gawa kwa 25.4 na utapata inchi 31.6.

Ukishaijua hesabu hiyo, muuzaji hawezi kukuyumbisha. Tairi la 235/85R16 ni jembamba kwa sentimita 3, lakini kimo chake ni milimita 806, karibu sawasawa na lile la kwanza. 285/75R16 linafika milimita 834, yaani karibu inchi 33. 255/85R16 ni milimita 840, na 315/75R16 ni milimita 879, ambalo watu huliita inchi 35 ingawa kwa hesabu ni 34.6.

Kuna matairi yanayoandikwa kwa inchi moja kwa moja, kama 35x12.50R17: kimo inchi 35, upana inchi 12.5, rimu inchi 17. Na kuna lile la zamani la 7.50R16, ambalo limebeba Land Rover na Land Cruiser za serikali, za misheni na za watalii kwa miongo mingi. Hapo 7.50 ni upana kwa inchi, na kimo chake kinakaribia inchi 32. Ukiona kistari badala ya R, yaani 7.50-16, hilo si radia. Nyuzi zake zimepishana kimshazari hadi ubavuni, ubavu ni mgumu kwa mawe, lakini halinyumbuliki vizuri ukilipunguza upepo. Kwa mashindano ya porini mimi ningechagua radia.

4. Jua unachopata kwa kila inchi

Watu husahau kwamba difu iko katikati ya gurudumu. Ukitoka tairi la milimita 804 kwenda la milimita 879, kimo kimeongezeka milimita 75, lakini difu imepanda nusu yake tu: milimita 37 na kidogo. Springi na shokabsoba mpya haziwezi kukupa hata milimita moja chini ya difu ikiwa gari lina ekseli nzima. Zinanyanyua bodi na chesisi. Difu hupandishwa na tairi peke yake, na ndiyo maana tairi kubwa lina thamani kubwa porini.

Faida nyingine ni kupanda ngazi za mawe. Gurudumu likigonga ukingo wa jiwe, kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyogusa kwa pembe ya kuinuka badala ya kugongana nalo uso kwa uso. Hizo milimita 37 zikiungana na pembe hiyo, kwenye korongo lenye mawe utaona tofauti ndani ya dakika tano.

5. Gia, gia, gia

Hapa ndipo magari mengi hushindwa, na ndipo ninapowasihi watu watulie. Tairi ni gia ya mwisho ya gari. Ukiliongeza kimo, umeongeza mwendo kwa kila mzunguko na umepunguza nguvu ya kusukuma.

Tuchukue mfano. Gia ya kwanza ni 4 kwa 1, gia ya chini ya four-wheel ni 2.5 kwa 1, na difu ni 4.1 kwa 1. Zidisha zote: 41. Injini inazunguka mara 41 ili gurudumu lizunguke mara moja. Sasa badilisha tairi la milimita 804 uweke la 879. Umeongeza zaidi kidogo ya asilimia 9, na kwa hali halisi gari linajiendesha kana kwamba lina 37.5. Kwenye lami utaona tu gari limekuwa zito kidogo. Kwenye mwamba wenye mteremko, ambapo unataka gari litambae taratibu bila kukanyaga klachi, utaona gari linakimbia kuliko unavyotaka wakati wa kushuka, na linakaribia kuzima wakati wa kupanda. Dereva anaanza kucheza na klachi, klachi inanuka, na siku imekwisha.

Dawa ni kubadilisha meno ya difu. Ili kurudisha hali ya awali katika mfano wetu unahitaji 4.1 mara 1.093, karibu 4.48. Watengenezaji wa vipuri vya Land Cruiser na Patrol wana seti za 4.56 na 4.88, kwa hiyo ungechukua 4.56 na kubaki na nguvu kidogo ya ziada. Kumbuka ni difu mbili, mbele na nyuma, na zote lazima zilingane. Kuna pia seti za kupunguza gia ndani ya transfa, ambazo huacha mwendo wa barabarani kama ulivyo na kugusa gia ya chini peke yake. Kwa mashindano ya mwendo wa pole kama Rhino Charge, hiyo ndiyo njia ninayoipendelea.

Kama bajeti haitoshi matairi na gia kwa mwaka mmoja, baki na inchi 33 na ununue gia kwanza. Mwaka unaofuata utanunua 35.

Na usisahau spidomita: ikisoma 100, gari litakuwa linakwenda karibu 109. Barabarani kuelekea mashindanoni, askari wa trafiki hatapokea hesabu hiyo.

6. Uliza ekseli kama inakubali

Tairi la inchi 31 au 32 la kawaida lina uzito wa karibu kilo 20. La inchi 35 lenye meno makubwa huzidi kilo 30. Uzito huo uko mbali na kitovu cha gurudumu, kwa hiyo kila unapoanza mwendo na kila unapofunga breki, nguvu inayopita kwenye shafti, kwenye jointi za ekseli ya mbele na kwenye beringi ni kubwa kuliko ile iliyokadiriwa kiwandani. Jointi za mbele huvunjika mara nyingi usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho na mguu uko kwenye mafuta. Tairi kubwa lililobanwa kati ya mawe mawili humalizia kazi.

Mfano bora ninaoufahamu unatoka kwenye mbio za magari za Dakar. Kwa miaka mingi magari ya four-wheel ya daraja la T1 yalifungwa kwenye matairi ya inchi 32, na madereva, akiwemo Nasser Al-Attiyah wa Qatar, walilalamika kuhusu pancha zisizoisha kwenye mawe ya Saudi Arabia. Mwaka 2022 likaja daraja la T1+ lenye matairi ya inchi 37 kwa rimu za inchi 17. Lakini angalia kilichoambatana nalo: upana wa gari uliongezwa kutoka mita 2 hadi mita 2.3, na gurudumu likaruhusiwa kupanda na kushuka milimita 350 badala ya 280. Al-Attiyah alishinda mwaka huo akiwa na Toyota Hilux ya daraja hilo jipya. Wahandisi wenye fedha za kiwanda hawakuthubutu kuongeza tairi na kuacha gari lingine kama lilivyokuwa. Nasi tulio na gereji ya mabati tufuate njia hiyohiyo.

7. Pima gari likiwa limejikunja

Gari likiwa limesimama sakafuni, tairi lolote linaweza kuonekana limeenea. Nenda hatua ya pili. Azima gurudumu moja la saizi unayoitaka, hata kama tairi ni kipara. Lifunge mbele kushoto. Panga magogo au mawe mpaka gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yapande kiasi cha kugusa mpira wa kikomo, hayo mengine mawili yakining'inia. Sasa geuza usukani mpaka mwisho, kushoto kisha kulia.

Kabla ya hapo paka mabega ya tairi chaki nyingi. Ukimaliza kugeuza, chungulia kwa tochi: kila mahali penye alama nyeupe ni mahali tairi litakaposugua. Angalia hasa ukingo wa nyuma wa madigadi ya mbele, mkono unaoshika ekseli, na bomba la mpira la breki. Alama kwenye madigadi inaondolewa kwa msumeno. Alama kwenye bomba la breki inamaanisha hupeleki gari popote mpaka bomba lihamishwe au lirefushwe. Acha angalau nafasi ya vidole vitatu kila upande, kwa kuwa tairi likizunguka hubeba matope na kokoto, na kokoto iliyokwama kati ya tairi na chesisi hukata mpira vibaya sana.

Rudia nyuma pia. Watu huipima mbele kwa saa nzima na kuiacha nyuma, ilhali kwenye magari mengi ya springi za majani ni nyuma ndiko tairi hugusa bodi gari likiinamia upande.

8. Nyembamba au pana?

Ubishi huu hauishi, na kila upande una ukweli wake. Unapopunguza upepo, sehemu inayogusa ardhi huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, na huo urefu ndio unaoshika mchanga na mawe. Tairi jembamba na refu, kama 255/85R16, hukata matope mepesi kufikia udongo mgumu chini, halisumbui usukani, hupita kati ya mawe, na hutoa nafasi zaidi ndani ya madigadi. Tairi pana huelea vizuri kwenye mchanga mlaini na hulipa gari msimamo likiwa limeegemea upande.

Kwa makorongo na mawe ya Kenya, kwa gari la kati, mimi niko upande wa wembamba na kimo. Kwa gari zito la V8 lenye ekseli pana ningekwenda 12.50. Kisiki hakibagui, lakini tairi pana hukikuta mara nyingi zaidi.

9. Rimu isile ubavu

Linganisha 35x12.50R17 na 35x12.50R20. Kimo ni kilekile. La kwanza lina ubavu wa inchi 9, la pili inchi 7.5. Ubavu ndio unaonyumbulika juu ya jiwe, na ndio unaoikinga rimu isipinde. Rimu za inchi 20 zinapendeza mjini. Kwa porini chukua ndogo kuliko zote inayopita juu ya breki zako: 15 kwa Suzuki, 16 au 17 kwa magari makubwa.

Hakikisha matundu ya nati yanalingana. Toyota nyingi, Patrol na Pajero zina nati 6 kwa duara la milimita 139.7. Land Rover Defender ya zamani ina 5 kwa 165.1, Suzuki Jimny 5 kwa 139.7, na Land Cruiser za 100 na 200 zina 5 kwa 150. Rimu ya "karibu sawa" isifungwe kamwe. Upana wa rimu nao uendane na tairi: 7.50R16 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 5.5 hadi 6.5, na tairi la 12.50 linataka kuanzia 8.5. Rimu inayotokeza nje sana hulipa gari sura ya ubabe, na huku inakula beringi na kuupiga usukani mikononi mwako kila jiwe linapogongwa.

10. Pa kuanzia, kwa mwenye haraka

Jimny mpya hutoka kiwandani na 195/80R15, karibu inchi 27. Hatua nzuri ya kwanza ni 235/75R15, inchi 29 hivi, na baada ya hapo anza kufikiria gia. Wepesi wake ni silaha, usiuue kwa matairi mazito. Land Cruiser ya 70, Patrol na Defender: inchi 33 bila taabu kubwa, inchi 35 ukishamaliza kazi ya gia, madigadi na ekseli. Inchi 37 na kuendelea ni kwa magari yaliyoundwa upya kuanzia chesisi, na mwenye gari la namna hiyo hahitaji ushauri wangu.

11. Uzito na nguvu ya ubavu

Baada ya saizi kuna namba kama 120/116Q. Hiyo 120 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 1,400, 116 ni kwa ekseli yenye matairi mawili mawili, na Q ni kasi ya kilomita 160 kwa saa. Mwendo hautakusumbua. Uzito utakusumbua, kwa sababu saizi moja inaweza kuuzwa kwa nguvu tofauti, na lile jepesi la gari la familia litapasuka ubavu kwenye kisiki cha kwanza. Tafuta herufi LT mbele ya saizi, na daraja D au E kwa magari mazito. Kwa Suzuki, C inatosha: ubavu mgumu kupita kiasi kwenye gari jepesi hukataa kunyumbulika hata ukitoa upepo.

12. Saizi ni nusu ya kazi, upepo ni nusu ya pili

Tairi zuri la inchi 35 lenye paundi 38 litateleza juu ya mwamba ambao la inchi 32 lenye paundi 18 linapanda. Kwa gari la tani mbili na ushee anzia paundi 18 hadi 22 kwenye mawe, 12 hadi 15 kwenye mchanga. Gari jepesi linaweza kushuka zaidi. Ukifika chini ya 15 kwa rimu za kawaida, usikate kona ya ghafla, kwa kuwa tairi huchomoka kwenye ukingo wa rimu. Zipo rimu zenye pete inayobana ukingo wa tairi kwa bolti, na hizo huruhusu upepo mdogo zaidi, mradi bolti zikazwe upya baada ya kila siku ya kazi na kanuni ziziruhusu.

Ukimaliza kituo cha mwisho na kurudi kwenye murram, jaza upepo kabla ya kukanyaga mafuta. Tairi laini kwa kasi hupata joto hadi nyuzi zake kuachana, na tairi linalopasuka namna hiyo halitoi onyo.

Hili linarudi kwenye saizi hivi: ubavu mrefu ndio unaokuruhusu kutoa upepo. Kama gari lako haliwezi kubeba kimo zaidi, punguza rimu kwa inchi moja na utapata ubavu bila kugusa gia.

13. Manne yalingane, na la tano pia

Mbele na nyuma ziwe saizi moja, chapa moja na uchakavu mmoja. Four-wheel ya kufunga hulazimisha ekseli zote mbili zizunguke sawasawa, na matairi yenye mizingo tofauti huzipindisha shafti na kuumiza transfa. Pima kwa njia ya kale: weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari mzunguko mmoja, weka alama tena, pima umbali. Tairi la milimita 879 linapaswa kukupa kama mita 2.7, pungufu kidogo kwa sababu ya uzito. Likitofautiana na mwenzake kwa sentimita kadhaa, litafutie pacha.

Ukinunua matairi ya mtumba pale Kirinyaga Road jijini Nairobi au kwingineko, angalia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa juani miaka 7 unaweza kuwa na meno mazuri na ubavu uliokauka. Ukunje kwa mikono miwili na utafute nyufa ndogo karibu na rimu. Ukiziona, rudisha.

14. Nani atabeba spea?

Tairi la inchi 35 likiwa na rimu ya chuma lina karibu kilo 50. Mlango wa nyuma wa Defender au Prado haukutengenezwa kwa mzigo huo, bawaba hupasuka, kwa hiyo spea ipate fremu yake iliyofungwa kwenye chesisi, na ikae chini iwezekanavyo.

Jeki iliyokuja na gari haitafika tena. Tafuta ndefu zaidi, na ubao mpana wa kuweka chini yake kwenye mchanga. Wiki mbili kabla ya mashindano, itisha timu yote na mbadilishe gurudumu mkiwa kwenye mteremko, gari limeegemea jiwe, kwa sababu pancha ya ubavuni hutokea mahali kama hapo. Gawaneni kazi: mmoja jeki, wawili kunyanyua, mmoja nati, dereva mguu kwenye breki. Nati za akiba, spana ya magurudumu, valvu mbili na kigingi cha kuzibia pancha vikae kwenye kisanduku kimoja, nyuma ya kiti cha navigeta, palipo rahisi kufikiwa hata gari likiwa limelala upande.